Maziwa ya kuosha kifua kwenye karakana yetu ya miguu bandia, Nakivale

Wakuu, salamu kutoka kambi ya wakimbizi ya Nakivale, huku Uganda. Mimi humu ni msomaji tu, leo nimeona niandike. Sina cha kuuza na chumvi sitaongeza.

Kazi yangu ni kutengeneza miguu bandia. Tuko wawili kwenye kachumba kamoja pale kijiji cha Misiera: mimi, Mkongomani wa Kivu Kusini, na Déo, Mrundi, ambaye mguu wake wa kushoto ulitengenezwa humo humo.

Déo ndiye sauti ya besi ya kwaya ya parokia. Akishuka chini, unaisikia kwenye benchi ulilokalia.

Kwa wasiojua, kazi hii ni vumbi na harufu. Unamwaga plasta kupata umbo la mguu, unaichonga, unapasha plastiki moto, unaikwangua kwa mashine, unapaka gundi kali. Jioni nyusi zote nyeupe.

Na dirisha tulikuwa tunafunga. Jirani yetu anaanika mihogo nje, tukaona aibu kumwagia vumbi chakula chake.

Kinga yetu ilikuwa maziwa. Najua wengi mnaijua hii: fundi rangi, mchomeleaji, wote huambiwa maziwa yanaosha kifua. Na huku ni nchi ya ng'ombe, wakuu. Mama mmoja wa Rugaaga alituletea kila siku, tunayaacha kwenye vikombe juu ya meza ya kazi, jioni tunakunywa.

Halafu Déo akaanza kukohoa.

Tukaongeza maziwa. Kikohozi nacho kikaongezeka. Kwenye misa moja alikatika katikati ya wimbo, akatoka nje ameziba mdomo. Watu wakaanza kunong'ona TB, na kwenye benchi la kwaya wakamwachia nafasi pana.

Hiyo nafasi ndiyo iliyomuumiza. Ndugu zake walibaki Burundi, kwaya ndiyo familia yake hapa.

"Sauti ikienda, miye nabaki na nini huku?" aliniuliza. Niliogopa.

Nikamsindikiza hospitali, Mbarara. Vipimo vikatoka: si TB. Daktari akataka kujua anafanya kazi gani na anajikinga vipi. Déo akaeleza habari ya maziwa, na mimi pembeni naitikia kwa kichwa, najiamini kabisa.

Daktari hakucheka. "Maziwa inaenda kwa tumbo," alisema. "Vumbi inaenda kwa mapafu. Sasa hiyo mbili inakutana wapi?"

Tukaanza safari ya kurudi. Kilichonichoma nilikikumbuka njiani: kila jioni, kabla ya kunywa, tulikuwa tunaondoa kwa kidole utando wa vumbi uliolala juu ya maziwa. Vumbi tuliliona kwenye kikombe siku zote hizo. Hatukujiuliza hewa tunayovuta ikoje.

Tulianza na jirani. Nilipomweleza kwa nini dirisha lilikuwa halifunguliwi, aliacha kugeuza mihogo yake, akaniuliza:

"Mulikuwa munajiua juu ya mihogo yangu?"

Siku ile ile akahamishia mihogo yake upande wa pili wa nyumba.

Tukafungua dirisha. Mashine na gundi tukavihamishia nje chini ya mabati, tunasimama upepo upite ubavuni. Feni iliyokuwa inatupulizia vumbi usoni tukaigeuza itoe hewa nje. Plasta tunaichonga ikiwa bado na unyevu, sakafu tunapiga deki, ufagio mkavu marufuku. Makopo ya gundi yanafunikwa. Barakoa za kitambaa hazizuii mvuke wa gundi, kwa hiyo tulitafuta Mbarara zenye vichujio.

Déo amerudi kwaya na nafasi yake kwenye benchi imejaa watu. Ila ile sauti ya chini kabisa haijarudi, na daktari hakuahidi. Wimbo ukifika pale anafunga mdomo, anawaachia wengine. Inaniuma kila nikimwona.

Nilichojifunza: sisi hatukuwa wazembe. Tulijikinga kwa bidii sana, ila kwa kitu kisichokinga, na moyo ukatulia.

Maziwa bado tunakunywa, nje, kwa sababu ni matamu. Lakini kikombe kimoja kinabaki juu ya meza, hakinywewi. Jioni Déo anakichungulia. Akikuta utando wa vumbi, kesho yake hatuwashi mashine mpaka tujue vumbi limepita wapi.

Mafundi wa humu, wa mbao, wa vyuma, wa mashine za unga: ninyi mnakunywa nini kuosha kifua? Na dirisha je, liko wazi?