Figiri Iliyootea Shamba la Ujamaa

Nilitumwa Mlola kwa sababu ya karatasi moja. Katika kabati letu pale Lushoto, tunapotunza mimea iliyokaushwa na kubandikwa karatasini, figiri ya porini ilikuwa majani matupu, haina ua wala ganda la mbegu. Mkuu wangu alisema nikirudi bila vyote viwili, nitarudi kumwagilia miche bustanini. Nami kumwagilia miche nakuchukia.

Asubuhi nilidandia lori la mboga, nikakaa juu ya matenga matupu. Kona za milima zilinitikisa mpaka Kilatini chote cha majina ya mimea kikanitoka.

Jioni, Mlola. Mwenyekiti wa kijiji, Mzee Shechonge, alinipokea kando ya shamba la ujamaa. Nilimpa shikamoo, kisha nikaiona figiri imejaa ukingoni, maua ya manjano, maganda tele.

"Mzee, hii kaipanda nani?"

"Hakuna, ndugu. Yaota yenyewe."

"Yenyewe? Nyingi namna hii?"

Niliizunguka nikiichungulia kila upande, nikamwambia nitaijia asubuhi umande ukikauka, maana mmea wenye umande huoza karatasini. Mzee aliniaga haraka, akaelekea kijijini. Mimi nilidhani amefurahi.

Asubuhi ukingo ulikuwa mweupe, hauna hata jani. Kijiji kizima kilisimama na majembe, nguo zimelowa umande.

"Tumeng'oa yote, ndugu," alisema Mzee. "Usitusemee kwa wakubwa kwamba tuna magugu."

Nilitaka kulia. Nikauliza figiri iko wapi. Nikaambiwa ng'ombe wamepewa mashina na maua, majani yako chunguni kwa heshima ya mgeni. Nililetewa ugali, nikaila kazi yangu yote, na kusema kweli ilikuwa tamu.

Saa ya kuaga, niliinua macho. Juu ya mlango wa ofisi ya kijiji walikuwa wamefunga shada la kunikaribisha: maua ya manjano, na maganda yake. Niliparamia kiti nikalishusha, huku wenyeji wangu wakitazamana.

Ikabidi nieleze kwamba karatasi itaandikwa mahali mmea ulipoota. Mzee alinishika mkono.

"Andika ng'ambo ya bonde, mwanangu. Wale hawapalilii."

Nilirudi Lushoto nikaandika Mlola, kwani karatasi ile haidanganyi. Ila chini yake niliongeza: shamba safi sana. Mkuu alisoma, akanitazama, akaifungia kabatini, na miche ikapata mtu mwingine.

Nilichojifunza ni hiki: Usambara, gugu unalolitaka lichume kwanza, ndipo umwamkie mwenyeji.