Marobota Yaliyofura

Kahiga alikuwa mpimaji wa mizigo katika ghala moja karibu na stesheni ya Nakuru, na tuseme ukweli, kiburi alikuwa nacho. Nani mwingine pale angeweza kuzidisha futi na inchi kichwani? Pareto iliyokaushwa, yale maua ya dawa ya wadudu, ni nyepesi, ila inakula nafasi, na meli hulipisha nafasi. Futi arobaini za ujazo zilihesabiwa tani moja, hata kama mzani ulisema theluthi yake. Robota likitoka tu kwenye mashine ya kushindilia, Kahiga alilipima: urefu futi nne, upana mbili na nusu, kimo mbili. Ujazo, futi ishirini. Marobota mawili, tani moja. Basi, kwisha maneno.

Wariara, mama aliyeshona magunia hapo ghalani, alimwambia mwaka 1954 kwamba marobota yakilala yanafura. Kahiga akacheka mpaka akakohoa. Akamwuliza tangu lini washonaji wakajua inchi.

Mwaka uliofuata barua ikaja kutoka Mombasa. Marobota mia yalitengewa futi elfu mbili melini. Yalipopimwa upya gatini yakazidi, na kumi na mawili yakaachwa. Karani mkuu, Bwana Pereira, Mgoa asiyepandisha sauti, akampa Kahiga siku mbili ajieleze au arudishe tepu ya kupimia na kazi iishe. Kahiga aliogopa, tena sana. Miaka ile ya Hali ya Hatari, serikali ikipigana na Mau Mau, Mkikuyu asiye na mwajiri hakuruhusiwa kukaa Nakuru. Angepakiwa lori na mke na watoto, warudishwe rizavu, maeneo waliyotengewa Wakikuyu, na huko Kahiga hakuwa hata na pa kupanda maharagwe.

Jioni akapima kimo cha robota jipya: futi mbili kamili. Asubuhi akalirudia: futi mbili na inchi tatu. Kamba za katani zilikuwa zimevutika. Akamwita Pereira, naye akapima mwenyewe, mara mbili.

"Nani aligundua?" Pereira akauliza.

Wariara alikuwa hapo hapo, macho kwenye gunia lake. Angenyamaza, Kahiga alilijua hilo, na alitamani mno kujitaja.

"Mama Wariara," akasema. "Aliniambia mwaka jana. Nikamcheka."

Pereira akakunja ile barua, akasema Kahiga atabaki kazini. Kisha akamtwalia tepu, akampelekea Wariara.

"Wewe utapima kila asubuhi. Huyu atakuandikia."

Wariara akainuka, akajipangusa nyuzi, akamwambia Kahiga ashike ncha ya pili, na aivute sawasawa.