Kastabini Mbili za Baruti

Mwaka themanini na mbili nguo zilikuwa hazipatikani. Pale Rhotia Kainam, chini ya msitu wa Ngorongoro, mtu akipata mita mbili za kitambaa alizificha chini ya godoro hadi apate nafasi kwa Piusi Tluway, fundi cherehani. Piusi alikuwa mwembamba na mpole, na shati lake lilikuwa limechomekwa sindano tatu kifuani siku zote, hata kanisani. Watu walimjua kwa mambo mawili. La kwanza, suruali yake haikuachia mshono. La pili, gobore lake halikuwahi kumpata mnyama yeyote.

Gobore hilo alilirithi kwa baba yake, pamoja na kitabu chake cha leseni. Baba alikuwa akipima baruti kwa kiganja: kimoja kwa nyani, viwili kwa nguruwe pori. Piusi naye akafuata hivyohivyo. Asubuhi moja ya mwezi wa tano nguruwe waliingia kwenye viazi vyake, na dume moja likasimama hatua ishirini tu mbele yake, likitafuna. Piusi akamimina viganja viwili, akashindilia, akafyatua. Gobore likanguruma, moshi ukatanda, Piusi akajikuta amekaa chini. Moshi ulipopungua, dume lilikuwa bado linatafuna. Risasi ilikuwa imevuka ua na kutoboa sufuria ya shemeji yake Clemensi iliyoanikwa uani.

Clemensi, kaka wa Evarista mke wa Piusi, alikuwa balozi wa nyumba kumi na mpenda vikao. Kikao kilichofuata alisimama, akakohoa kidogo.

"Jamani, mkisikia gobore la Piusi, msihangaike kukimbia. Nendeni mkasimame karibu na nguruwe. Hapo ndipo penye usalama."

Watu walicheka hadi wakashika mbavu. Piusi angevumilia, lakini alipogeuka alimwona Evarista amejifunika kanga usoni, mabega yakimtikisika. Hapo ndipo palipomchoma.

Siku tatu alishinda kwenye cherehani. Siku ya nne, akiwa anapima kiuno cha mteja, akasimama ghafla na futi mkononi. Hata siku moja hakuwahi kukata suruali kwa kiganja. Mbona baruti alikuwa anaipima kwa kiganja? Akatazama kidole chake. Kastabini ilikuwa pale, kile kikofia cha bati kinachozuia sindano isimchome fundi. Akaivua, akaigeuza juu chini, akaona ni kipimo safi kabisa.

Basi kila Jumapili baada ya misa akawa anateremka korongoni nyuma ya nyumba. Alitundika gunia la mchanga ukingoni, akachora duara kwa chaki yake ya kazi, akapima hatua arobaini. Risasi alizimimina mwenyewe kwenye kalibu ya baba yake, akiyeyusha vipande vya risasi ya betri kuukuu alivyookota kwenye gereji ya Karatu wanakotengeneza Landrova za watalii. Matokeo aliyaandika kwenye daftari la vipimo vya wateja, kwa sababu lingine hakuwa nalo. Kati ya kiuno cha katekista na mabega ya mwalimu mkuu ungesoma: "Kastabini moja, imeanguka chini."

Kastabini tatu zilimvimbisha bega. Risasi ya kwanza ikapiga gunia, ya pili ikapiga ukingo, na ya tatu hakuiona hadi leo. Kastabini mbili zilikuwa afadhali, lakini bado risasi zilikwenda zinakotaka. Tatizo, akagundua, lilikuwa kitambaa. Risasi ya gobore ni kijiduara kidogo kuliko tundu la mtutu, kwa hiyo huvikwa kitambaa chenye mafuta ili ikae imebana. Baba yake alitumia tambara lolote. Piusi yeye, kila akifyatua, alikwenda kuokota kitambaa kilichotoka na kukikagua kama anavyokagua mshono. Cha kanga kilitoka kimeungua matundu. Cha blanketi kilikuwa kinene hata mdeki, ule ufito wa kushindilia, ukagoma kusukuma risasi hadi chini, akashinda mchana mzima akihangaika kuitoa.

"Baba Agripina," Evarista akamwita jioni moja, "nani kakata pindo la kanga yangu?"

"Panya."

"Panya mwenye mkasi?"

Piusi akainamia cherehani, akaanza kushona shati lililokwisha kushonwa.

Wiki hiyohiyo Clemensi akaja na kifurushi. Ndani kulikuwa na kitambaa cha drili cha kijani kibichi, kizito, alicholetewa kutoka Namanga. "Shemeji, nishonee suruali ya maana. Bwana nyama anakuja kukagua silaha, na mimi ndiye nitakayempokea."

Piusi aliposhika kitambaa kile, vidole vyake vilijua kabla yake. Nyuzi zilikaa karibukaribu, hakuna mwanga uliopenya. Alichukua vipande vilivyobaki alipokata mifuko, vitatu tu, akavipaka mafuta ya kondoo, akashuka korongoni na kastabini mbili za baruti kila mara. Alipokwenda kwenye gunia alikuta matundu matatu ambayo ungeyafunika kwa kisahani cha chai. Vitambaa vilikuwa vimedondoka majanini vizima, vyeusi katikati, bila mchaniko. Akakaa juu ya jiwe, akacheka peke yake kama mtu aliyepungukiwa akili.

Ila drili ilikuwa imekwisha, isipokuwa ile ya suruali yenyewe. Daftari lilisema mguu wa Clemensi ni inchi arobaini na moja. Piusi akashika mkasi, akautazama mlango, akakata kwenye thelathini na nane.

"Mbona fupi?" Clemensi akauliza siku ya kujaribu.

"Ndiyo mtindo wa Arusha, shemeji. Viatu vinatakiwa vionekane."

Clemensi alikuwa na viatu vipya. Akavitazama vikiwa wazi kabisa, akaridhika.

Bwana nyama, yule ofisa wa wanyamapori, alikuwa Mmaasai mrefu wa Soitsambu aitwaye Lembris, mwenye sauti ya taratibu. Aliwakusanya wenye magobore, wanaume tisa, kwenye uwanja wa ofisi ya kijiji, akaweka debe hatua arobaini.

"Nina vibali vitatu vya kulinda mashamba," akasema. "Atakayepiga debe atapata. Sitaki kuandika vibali vya kuua sufuria."

Watu wakamgeukia Piusi wote kwa pamoja.

Wanane walitangulia na viganja vyao. Mmoja alipiga ardhi, mwingine alirushwa kofia na kishindo chake mwenyewe, na wawili walilipata debe kwa kulikwaruza. Piusi alipotoa kastabini, kicheko kikapanda. "Fundi anataka kulishona debe!" Yeye akafuta mtutu, akamimina mbili, akavika risasi, akashindilia taratibu hadi alama aliyoikwaruza kwenye mdeki, akaweka fataki ya kulipua baruti. Akavuta pumzi.

Debe likaruka. Lembris akasema ni bahati, alirudie. Likaruka. Mara ya tatu halikuruka tu, lilibingirika hadi kwenye ua wa ofisi.

Clemensi ndiye aliyepiga kelele wa kwanza. "Shemeji yangu huyo! Mume wa dada yangu!" Akakimbia kwenda kumkumbatia, na njiani akaona kitu kikifuka moshi majanini. Akainama kukiokota, na alipoinama suruali ikapanda hadi katikati ya muundi. Akakipangusa masizi kwa kidole gumba. Kijani kibichi. Akakitazama kile kitambaa, akautazama mguu wake, akakiweka juu ya goti, vikalingana.

"Piusi."

"Naam, shemeji."

"Mtindo wa Arusha, siyo?"

Uwanja ulilipuka. Evarista alicheka hadi akakaa chini, na safari hii hakujifunika. Piusi alitamani korongo liwe karibu ajitumbukize.

Lakini kibali kilihitaji sahihi ya balozi, na balozi alikuwa ameshafunika kalamu. "Mwizi wa nguo simwandikii."

"Nimekosa, shemeji," Piusi akasema, na kweli alikuwa ameona haya. "Nilitaka kukuomba, nikaogopa utakataa."

"Ningekataa!"

"Ndiyo maana."

Lembris alikuwa anauma mdomo asicheke. "Balozi, nguruwe wanakula viazi vyako?"

"Wanavimaliza."

"Sasa unataka suruali ndefu au unataka viazi?"

Clemensi akaivuta suruali chini. "Vyote viwili."

Ikaamuliwa hivyo. Piusi angeanza ulinzi kwenye shamba la Clemensi, na suruali ingeongezwa kwa kitambaa cha koti la Piusi mwenyewe, koti la pekee la Jumapili. Evarista ndiye aliyechagua pa kukata. Alichagua mgongoni, chini, akakata bila huruma, na miezi sita mumewe akawa anakwenda kupokea komunyo kinyumenyume, tundu lisionekane.

Ijumaa iliyofuata, kulipopambazuka, ukungu ukiwa bado umelala kwenye viazi, dume lilitoka msituni. Piusi alikuwa amelala nyuma ya kichuguu. Dume lilimwelekea kichwa kwa kichwa. Akangoja. Likageuka ubavu. Akafyatua mara moja tu. Moshi ulipopungua safari hii hakuna aliyekuwa akitafuna. Piusi akainuka, akaita watu.

Nyama iligawanywa nyumba zote kumi. Lembris, aliyepita kuandika taarifa, alikataa sahani. "Kwetu huyu tunamwachia fisi," akasema, akaomba chai.

Kuanzia hapo wenye magobore walikuja kwa Piusi kutoka hadi Lositete. Kila bunduki alikuwa anaipima upya, maana mitutu, alisema, haifanani, kama viuno tu. Magauni ya maharusi yakaanza kuchelewa. Siku bibi harusi mmoja alipokuja kuulizia lake, akaelezwa kwamba lipo, ila limelaliwa na gobore la mtu, Evarista akaweka sheria: magobore Alhamisi tu, siku nyingine ni nguo.

Piusi aliitii sheria hiyo vizuri sana. Ni vile tu wateja wake wa Jumatatu walianza kuja na suruali ndefu za ajabu zilizofungwa kwa kamba, ngumu, hazikunjiki, wakizibeba begani.