Mchele wa Nasibu

Mimi napika wali na maharage mbele ya mashine ya kukoboa mpunga ya Ladha hapa Kibiti, na sufuria zangu zinatazamana na mlango wa mashine. Kwa hiyo haya ninayosimulia sikuhadithiwa. Nimeyaona mwenyewe, na yamenikera mpaka leo najikuta naongea peke yangu huku nachambua maharage.

Fundi wa mashine ile anaitwa Tatu binti Mrisho, mtu wa Ngorongo. Huu mwaka wa sita anaiwasha asubuhi, anaisikiliza inavyounguruma, anaifungua ikikwama, anabadilisha mikanda, anapanda juu kuzibua mpunga ulioziba, na jioni anatoka mweupe kwa vumbi utadhani kamwagiwa unga. Kabla yake fundi alikuwa Nasibu, na Tatu alikuwa akifagia pumba na kumpokeza spana. Nasibu akaenda Mbagala kuendesha bajaji. Alimwachia Tatu simu ya kazini na ovaroli lenye jina NASIBU lililoshonwa kifuani kwa uzi mwekundu. Hakuna aliyetafuta fundi mwingine, maana kazi haikusimama.

Sasa mtu aniambie kwa nini Rufiji nzima wanauita mchele wa Nasibu.

Wakulima wanatoka Nyamwage, Ngorongo, hata Ngarambe kule porini, wanazipita mashine zote za njiani waje hapa, kwa kuwa kwa Nasibu mchele hauvunjiki. Wanapiga simu kwanza. Tatu akipokea wanamwambia, "Hebu mpe mumeo." Akisema fundi ni yeye, wanacheka kidogo kwa adabu, halafu wanasema, "Haya, akirudi mwambie tunakuja." Wakifika wanashusha magunia kwenye mizani na kumsalimia Saadi, mbeba magunia: "Fundi Nasibu, habari za kazi?" Na Saadi anaitika. Siku moja nilimuuliza kwa nini anaitikia jina la mtu.

"Wananipa heshima, mama," akasema. "Niikatae?"

Heshima ya nani, nikamuuliza, na siku ile nilimnyima nyongeza ya maharage.

Kuna lililoniuma kuliko yote. Tulikwenda na Tatu kwao Ngorongo kwenye maulidi, tukakaa jamvini na wazazi wake. Mzee Mrisho, baba yake, ni mkulima hodari, na mpunga wake huuleta kwenye mashine hii hii. Akala matonge mawili ya wali, akasema, "Huyu Nasibu, Mungu ampe umri. Tazama punje zilivyo nzima." Tatu akaweka sahani chini, akamwambia, "Baba, mchele huu nimeukoboa mimi. Mashine ile naiendesha mimi."

Mzee akacheka mpaka akapaliwa. Alipokunywa maji na kutulia akamwambia kwa upole, "Wewe unafagia pumba, mwanangu. Wala si vibaya, kazi ni kazi." Upole ule ndio ulionitia hasira. Angemgombeza ningeelewa.

Na si kwamba hakuwahi kumwona. Alikuwa akimwona kila msimu, kwenye vumbi, kajifunga kitambaa puani, mkono uko kwenye mashine. Macho yake yalimwona mwanamke mle ndani, na akili ikamkabidhi ufagio.

Mwaka huu Hiren, mtoto wa marehemu Ladha, alileta mashine mpya, kubwa, inayokoboa na kuchambua chenga palepale. Tatu alikesha kwa furaha. Aliifunga yeye pamoja na mafundi walioileta, akajifunza kuiendesha, akaifanyia majaribio. Kisha asubuhi moja, akiwa amekaa kwenye benchi langu anakunywa chai, pikipiki ya matangazo ikapita na spika yake nyuma. "Wakulima wote, habari njema. Mashine mpya ya Ladha inaanza kazi. Na yule fundi wenu mnayempenda, Nasibu, amerudi."

"Amerudi?" Tatu akaniuliza, kana kwamba mimi ndiye niliyemrudisha.

Akaingia ofisini kwa Hiren, nami nikamfuata na mwiko mkononi. Sikuitwa, lakini nilikwenda.

Hiren si mtu mbaya, na hilo nalo linachosha. "Dada Tatu, usikasirike," akasema. "Wateja wanamjua Nasibu. Utabaki humu humu, utamsaidia."

"Nimsaidie kazi gani ambayo siifanyi?"

"Ni jina tu, dada."

"Kama ni jina tu, tumia langu."

Hiren akakuna kichwa. Akasema watu wakisikia jina la mwanamke kwenye tangazo la mashine wataogopea mpunga wao. Mpunga ambao mwanamke kaulima, kaupanda, kauvuna, kaupepeta, na huyu mmoja kaukoboa miaka yote hiyo. Nilitaka kusema hayo, nikainua mwiko. Tatu alivua ovaroli, akabaki na gauni lake, akalitundika lile ovaroli kwenye kiti cha mgeni.

"Fundi wako huyo," akasema. "Mwashie mashine."

Akaja kwangu kuosha vyombo. Nilimlipa nilichoweza, na nilikuwa naona aibu kumpa sufuria mtu mwenye mikono ile.

Nasibu akaja kutoka Mbagala, kanenepa, mpole kama zamani, hajagusa spana siku nyingi mno. Mashine yenyewe hakuwahi kuiona ya namna ile. Mpunga ukaanza kutoka chenga tupu, kama wa kulishia vifaranga. Wakulima walikuja kwenye benchi langu kulalamika, na hapo nikadhani angalau sasa wataelewa. Waelewe wapi. Walisema, "Nasibu wa siku hizi kachoka. Nasibu wa mwaka jana ndiye alikuwa fundi."

Mzee Mrisho naye akaja. Akamwona binti yake karai liko mbele yake. "Umeacha kufagia kule?"

"Nimeacha, baba."

"Vizuri, vumbi lile lingekuua." Akakaa, akachota mchele wake kiganjani, akaupuliza. Macho yalimjaa machozi, kwa kuwa mpunga ule ulikuwa jasho la mwaka mzima. "Nasibu wa mwaka jana," akasema, "asingenifanyia hivi."

Tatu alikuwa nyuma yangu. Alikuwa akiosha sahani, akaendelea kuiosha ileile. Mimi nilimwambia mzee wali umekwisha, na sufuria ilikuwa bado imejaa.

Aliyesema ukweli ni Nasibu mwenyewe. Alikwenda dukani kwa Hiren, palepale kando ya mashine, mchana watu wamejaa, akasema, "Bosi, mie mashine hii siijui. Na huo mchele mnaonisifia sikuukoboa mie. Mrudisheni Tatu, nirudi kwenye bajaji yangu." Kwa hilo namshukuru, ingawa angeweza kulisema siku aliyopigiwa simu.

Hiren akavuka barabara mpaka kwenye benchi langu. Tatu hakusimama. Alimsikiliza mpaka mwisho, akasema atarudi, ila kwa sharti moja. Pikipiki ile ile izunguke kote ilikopita, iseme nani alikuwa akikoboa.

"Dada, hiyo ni aibu kwa duka," Hiren akasema. "Watasema tuliwadanganya."

"Mliwadanganya."

Wakati huo mama yake Hiren, Gangaben, mjane wa Ladha, alikuwa ametoka hadi barazani kwake, kashika mlango. Bibi yule huongea kwa nadra. "Hiren," akaita, "baba yako amekufa lini?"

"Mama, tafadhali."

"Tangu afe, duka hili nani analifungua asubuhi? Nani anaagiza mzigo kama si mimi? Na mpaka leo wanasema wanakwenda kwa Ladha. Hata wewe unasema dukani kwa baba." Akamtazama Tatu, kisha mwanawe. "Mimi nimezeeka, niache nilivyo. Huyu mtangaze."

Hiren akatoa simu pale pale.

Tangazo lile nalijua kwa moyo, maana nilimsimamisha kijana wa pikipiki nikamwambia alirudie mbele ya sufuria zangu. "Wakulima wa Kibiti na Rufiji. Mchele mzima mliokuwa mkiuita wa Nasibu, fundi wake ni Tatu binti Mrisho wa Ngorongo. Ndiye aliyekuwa akikoboa miaka yote hii. Tatu amerudi kwenye mashine." Lilivuka daraja la Mto Rufiji, likafika Nyamwage, likaingia njia ya Ngorongo. Na Tatu akavaa ovaroli jipya. Kifuani hakushona kitu.

Wengine walikuja kuchungulia tu. Mmoja alimuuliza Saadi kama ni kweli, na Saadi kwa mara ya kwanza akasema yeye ni mbeba magunia.

Halafu akaja Mzee Mrisho na magunia yake ya mwisho. Hakukaa nje kama siku zote. Aliingia mpaka ndani, foleni nzima ikimtazama, akasimama karibu na mashine. Tatu akaizima, akashusha kitambaa puani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akamtazama, kisha akaitazama mashine. "Mchele wote ule, ni wewe?"

"Ni mimi."

Mzee akachota mchele uliokuwa umetoka, akaupuliza kiganjani. Nilikuwa mlangoni, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeonewa. "Mbona hukuniambia, mwanangu?"

"Nilikwambia, baba," akasema Tatu. "Ukacheka."