Mtu wa Karibu

Aliambiwa asigeuze kichwa. Macho tu. Kinukta cheupe kilitokea kwenye pembe ya kioo cha kompyuta, kikahamia pembe ya pili, kikashuka katikati, na Eliaichi akakifuata kama mtu anayemtazama inzi bila nia ya kumfukuza.

"Mashine imekukubali, mama," alisema Jenifer, binti wa shirika. "Una macho matulivu."

"Yatulie yasitulie, yana kazi gani siku hizi?"

Jenifer alicheka, akidhani ni mzaha.

Chumba kilikuwa cha kupanga, mjini Same, kando ya barabara kuu, chenye feni iliyozungusha joto lilelile. Shirika la akina Jenifer lilikuwa linatengeneza programu ya kujiandikisha hospitali kwa simu, ili mtu wa milimani asishuke bure akakuta daktari hayupo. Kabla ya kuianzisha walitaka watu wenyewe waijaribu. Chini ya kioo cha kompyuta palibandikwa kijiti cheusi kilichoona macho ya mtu yanatua wapi, na yanakaa hapo kwa muda gani.

"Tunaipima programu, mama, hatukupimi wewe," Jenifer alisema. "Ukikwama, kosa ni letu."

Eliaichi alikuwa na miaka sitini na minne. Alikuwa ameshuka alfajiri kutoka Bombo, kijijini kwake milimani, na sababu ya kushuka hakumwambia mtu. Tangazo lilisomwa kanisani baada ya ibada, kwamba wanatafutwa watu wa kuulizwa maoni yao, naye akahesabu kimoyomoyo tangu lini ameulizwa jambo lolote na mtu yeyote. Nyumbani alikuwa na migomba, vitalu vya tangawizi, na mbuzi mmoja mkorofi. Makande bado aliyapika kwa chungu kile kile cha zamani, kwa sababu mkono wake haukujua kipimo cha mtu mmoja. Akayala siku tatu, akipasha moto kila jioni, mpaka maharage yakawa uji.

Ukurasa wa kwanza uliuliza jina. Akaandika. Ukauliza mwaka wa kuzaliwa, kijiji, tatizo linalomsumbua. Kwenye tatizo akaandika "magoti". Akabonyeza kwenda mbele, akajisikia vizuri, kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni akaweza.

Ukurasa wa pili ulianza hivi: *Jina la mtu wa karibu.*

Akatazama. Feni ikazunguka. Akaruka sehemu hiyo, akabonyeza kwenda mbele, na maandishi mekundu yakatokea: *Jaza sehemu hii.*

"Andika jina lolote, mama," Jenifer alisema kwa upole. "Ni majaribio tu. Hakuna atakayepigiwa."

Lolote. Eliaichi aliweka vidole kwenye herufi, akaviondoa.

Mumewe, Hezroni, seremala, alikufa masika ya miaka mitatu iliyopita. Mtoto wao wa pekee, Anold, alikuwa Mwanza, kwenye kiwanda cha samaki. Alifika siku ya maziko baada ya kaburi kufukiwa, suruali ina matope hadi magotini. Waombolezaji wakampisha njia. Mama yake alimtazama, kisha akawageukia wanawake waliokuwa jikoni, akasema kwa sauti ya kusikika na wote: "Mpeni mgeni chai."

Anold aliipokea chai. Aliinywa yote akiwa amesimama, akarudisha kikombe kwa mikono miwili, akaondoka. Wiki ya pili ndipo Eliaichi alipoambiwa kwamba barabara ya mlimani ilikuwa imekatwa na maporomoko, na kwamba kijana alipanda kwa miguu usiku kucha. Tangu siku hiyo hakuna aliyempigia mwenzake. Kila mmoja alingoja, na kungoja nako kukageuka kuwa jambo la kawaida, kama ufa wa ukutani ambao watu wa nyumbani hawauoni tena.

"Tupumzike kidogo," Jenifer alisema. Akageuza kioo, akamwonyesha safari ya macho yake: kinukta chekundu kikishuka haraka juu ya jina, mwaka, kijiji, halafu kikisimama kwenye mtu wa karibu. Kikasimama hapo hapo, kikivimba kama tone la damu kwenye kitambaa.

"Sekunde arobaini na moja. Watu wengi wanakwama hapahapa. Nadhani maneno hayaeleweki. Tuandikeje, mama? 'Mtu wa kuwasiliana naye'?"

"Maneno yanaeleweka."

"Au tuifanye isiwe lazima. Mtu apite tu."

Eliaichi alikitazama kile kidoa chekundu. Hakuwahi kuona jambo lake likichorwa.

"Msifanye hivyo," alisema. "Mkituacha tupite tu, tutapita. Nani atajua?"

Jenifer alichukua kalamu, akayaandika maneno hayo.

Nje barazani, Faustina, jirani wa Bombo aliyekwisha kuijaribu programu, alikuwa akila ndizi.

"Mama Anold! Umemaliza? Mimi wamenicheka. Kwenye mtu wa karibu nimemwandika Blandina. Binti ananiuliza, ni ndugu yako? Nikamwambia, ndugu gani, tunagombana kila siku kwa ajili ya kuku wake! Lakini nikipiga kelele, nani atasikia? Watoto wangu wako Dar. Hao si wa mbali?"

"Ni wa mbali."

"Sasa! Na wewe umemwandika nani?"

Eliaichi alimwacha na ndizi yake. Alizunguka nyuma ya jengo, palipokuwa na tangi la maji na kivuli chembamba, akatoa simu. Namba aliijua kwa kichwa. Akaibonyeza tarakimu moja moja, taratibu, kama anayevuka mto kwa mawe.

Ikaita mara nne. Ikapokelewa, pamoja na kelele za mitambo.

"Haloo. Nani mwenzangu?"

Labda alibadilisha simu, namba zikapotea. Labda hakubadilisha. Eliaichi aliegemea tangi. Kulikuwa na jina moja tu ambalo watu walimwita kwa miaka thelathini na nane, na hakuwa na lingine la kumpa.

"Mama Anold," alisema.

Mitambo ilinguruma. Kisha sauti ikasogea mahali penye utulivu zaidi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Kuna msiba?"

"Hakuna msiba."

"Unaumwa?"

"Magoti tu." Akaihamishia simu sikio la pili. "Anold. Siku ile, nilisikia baadaye habari za barabara."

Mitambo ikasikika tena kwa mbali.

"Mama, niko kazini."

"Najua. Nilitaka kujua kama namba bado ni yako."

"Ni yangu."

"Basi fanya kazi, baba."

Alikaa na simu sikioni hata baada ya upande wa pili kunyamaza kabisa. Anold hakuwa amesema nitakupigia. Hakuwa pia amesema usipige. Mlima ulikuwa juu ya mabati, kilele chake ndani ya mawingu, na huko ndiko alikotakiwa kurudi jioni.

Alirudi chumbani, akaketi mbele ya kijiti cheusi. Aliandika Anold Hezroni. Palipoulizwa namba, akaandika namba. Palipoulizwa uhusiano, akachagua mtoto.

"Umeenda haraka safari hii," Jenifer alisema.

Ukurasa uliofuata uliuliza kundi la damu. Eliaichi alibonyeza *Sijui*, akaendelea mbele.