Mlisho wa Msomaji Mmoja

Fundi programu wa ofisini kwetu huandika kwa vidole viwili, akinong'ona kila mstari kama anayembembeleza mtoto. Kazi yake ni milisho, ile mikondo inayopeleka makala mpya kwenye simu za wasomaji. Kila Ijumaa, kabla ya chai, hufungua daftari la marehemu dada yake, akanakili ukurasa mmoja na kuutia kwenye mlisho wenye msomaji mmoja tu: mama yao. Leo nikamtania, "Kaka, bahili wewe! Si umpelekee mama daftari lote, yaishe?" Hakucheka. Alipima kwa kidole unene wa kurasa zilizobaki. "Kila Ijumaa mama hunipigia anisomee ukurasa, kana kwamba mimi sijauona. Zimebaki nne tu, ndugu yangu." Kisha, kwenye skrini, akaukata ule ukurasa katikati, akatuma nusu.