Diski ya Nicolasa Ilipojaa

Nicolasa Huarachi hakuwa mtu wa kutupa kitu. Nyumbani kwake ungekuta vifungo vya makoti ya watu waliokwisha kuhama mji, na pale redioni, alikokuwa mtunza sauti, hakufuta hata kikohozi. Tulimtania kwamba seva, ile kompyuta ya kuhifadhia sauti, ndiyo mume wake wa pili. Alitujibu kwamba huyu angalau hanywi.

Mume wa kwanza na wa kweli alikuwa Fortunato, mtangazaji wetu. Enzi hizo mgodi wa bati ulikuwa bado una watu, na redio yetu ndiyo iliyokuwa simu ya milima yote hadi mjini Oruro. Ulifika dirishani, ukamweleza Nicolasa shida yako, naye akaipeleka kwa mumewe aisome hewani: mama fulani katoka hospitali, mwanawe ateremke na nyumbu hadi njiapanda, fulani kajifungua salama, ni msichana, baba anunue sabuni. Fortunato alitangaza lama wa mizigo aliyepotea kwa heshima ile ile ya kutangaza kifo cha rais. Saa ya ujumbe ikifika, wanawake waliacha kusaga, na wenye kugombana waliahirisha ugomvi. Siku hizi kila mtu ana simu mfukoni na hakuna anayemsikiliza mwenzake. Nikikumbuka zamani zile roho inaniuma, wala sioni haya kusema.

Basi Fortunato akafa, ugonjwa wa kifua wa wachimbaji, aliotoka nao mgodini kabla hajawa mtangazaji, ukamchukua. Nicolasa akamwandalia meza ya Watakatifu Wote, ile ya vyakula vya marehemu, mwaka wa kwanza, akamwandalia wa pili. Ninayoisimulia ni asubuhi ya meza ya tatu, ambayo kwetu ndiyo ya mwisho. Baada ya hapo marehemu huachwa apumzike.

Kila mtu anajua kwamba wafu hufika tarehe mosi Novemba, saa sita mchana. Redio yetu ilikuwa na desturi yake juu ya hilo: kuanzia saa sita tulirusha sauti za marehemu, kila familia na wake, ili wasikie wanaitwa wasipotee njia. Kwa hiyo asubuhi ile ukumbi ulijaa watu wenye simu na flashi, harufu ya mkate ikiwafuata. Mbele kabisa alikuwa Benita, ambaye mwanawe Rimer aliangukiwa na mwamba mwezi Juni. Ameshika simu kwa mikono miwili.

Nicolasa akaichukua, akajaribu kuiingiza sauti ya yule kijana kwenye seva, maana bila kupita humo haikuweza kwenda hewani. Mashine ikagoma. Akajaribu tena, ikagoma tena. Diski ilikuwa imejaa pomoni.

Tukamwita Limbert Colque, fundi wetu wa kompyuta, akaja na unga hadi kwenye viwiko, maana mama yake alikuwa amemkamata jikoni. Akapekua, akafuta takataka ndogondogo, nafasi iliyopatikana haikutosha hata wimbo mmoja. Mwishoni akatuonyesha tatizo lenyewe. Faili moja tu lilikuwa limekula zaidi ya nusu ya diski. Radi ilipounguza mashine ya zamani, Fortunato aliitegesha hii mpya irekodi kila tulichorusha, usiku na mchana, mfululizo, ndani ya faili hilohilo. Tangu hapo hakuna aliyeizima. Mwaka wake wote wa mwisho kazini ulikuwa mle ndani.

Limbert akasema liachwe kama lilivyo, kesho angeteremka Oruro kutafuta diski nyingine, maana leo maduka yote yamefungwa. Lakini kesho saa sita wafu wanaondoka. Hata yeye alipomaliza kusema alijua kwamba amesema upuuzi.

Nicolasa akamtazama Benita, kisha akaivuta kibodi.

"Wa kwangu ameshakula meza mbili," alisema. "Wa Benita hajakula hata moja."

Akafuta. Mwanamke aliyeweka vifungo vya wageni alifuta sauti ya mumewe mbele ya macho yetu.

Na diski ikabaki imejaa vilevile. Nilidhani ni dhihaka ya shetani. Limbert aliandika hili na lile, akajikuna kichwa mpaka nywele zikawa nyeupe kwa unga.

"Umefuta jina tu, Doña Nico," akasema. "Ile programu ya kurekodi bado imelishika faili. Isipoliachia, mashine hairudishi nafasi."

"Kwa hiyo bado yumo?"

"Yumo. Lakini tukiizima, ndiyo basi."

Ukumbi mzima ulikuwa umesikia, na hakuna aliyemharakisha. Limbert akaeleza taratibu kwamba faili zima halikuwa na pa kwenda, ila flashi yake ilikuwa na upenyo, angeweza kukichomoa kipande kifupi kabla ya kuizima programu. Mimi, kwa kiherehere changu, nikapendekeza siku ile ya mgomo wa wachimbaji, Fortunato aliposema mpaka askari wakavua kofia. Nicolasa akanitazama kama mtoto aliyeropoka kanisani.

"Hayo ni ya kwenu," akaniambia. Kisha akamgeukia Limbert. "Tafuta Jumatano baada ya sikukuu ya Kanivali, alipokuwa La Paz kwa daktari wa kifua. Ujumbe wa jioni."

Limbert akatafuta, akakipata, akakiweka kwenye flashi. Alitaka kumsikilizisha, Nicolasa akakataa, watu wanangoja. Akaizima programu mwenyewe. Safari hii nafasi ikarudi yote, Limbert akamwonyesha, lakini yeye alikuwa ameshamnyooshea Benita mkono aipate tena simu.

Saa sita kamili Rimer alikuwa wa kwanza hewani, anacheka na kumwambia mama yake asimmalizie supu. Benita alikaa chini sakafuni akalia, na ilikuwa heri alie. Wakafuata wengine, familia kwa familia. Wa mwisho, kama Nicolasa alivyopanga, alikuwa Fortunato, kwa simu ya kukwaruza kutoka La Paz, na sauti yake rasmi kabisa, kana kwamba anamtangazia mtu asiyemjua:

"Ujumbe kwa Nicolasa Huarachi. Mumeo anarudi. Asipike kitu kikubwa, apike kilichopo. Na mlango usifungwe, maana ufunguo ameusahau."

Nikageuka nimwone Nicolasa uso. Alikuwa ameshakwenda nyumbani.

Jioni nilipita kwake kumwombea marehemu, kama inavyopasa. Upepo wa nyanda zetu ulikuwa unaingia ndani moja kwa moja, mishumaa ya mezani imezimika, naye ameketi kando ya sahani ya viazi vikavu, amejifunika shali mbili. Nikamwambia baridi hii itamuua, nikashika kitasa niufunge mlango.

"Uache wazi," akasema. "Ametuma ujumbe."